Majeraha ya shingo na mgongo baada ya ajali ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ambayo majeruhi na ndugu zao huendelea kuuliza wiki, miezi na hata miaka baada ya gari kuondolewa barabarani. Majibu yanamhusu zaidi mtu mzima ambaye hakuwa na ugonjwa wa mifupa kabla ya ajali. Hayachukui nafasi ya kupimwa na daktari.

Gari lilibonyea bampa tu. Mbona shingo inauma kiasi hiki?

Bati lililokunjika si kipimo cha shingo iliyoumia. Ukigongwa kwa nyuma, kiti kinakusukuma kiwiliwili mbele kwa ghafla, lakini kichwa, chenye uzito wa karibu kilo 5, kinachelewa kufuata. Hapo shingo inapinda kwa namna isiyo ya kawaida: pingili za chini zinainama kwenda nyuma huku za juu zikiinama kwenda mbele. Kisha ndipo kichwa kizima kinarushwa nyuma, halafu mbele. Hatua ile ya kwanza inamalizika ndani ya takriban moja ya kumi ya sekunde, kabla misuli haijapata nafasi ya kukaza na kuilinda shingo.

Vinavyoumia mara nyingi ni vitu vidogo: viungo vilivyo nyuma ya kila pingili, ngozi nyembamba inayovifunika, kano zinazoshikanisha pingili, na misuli yenyewe. Bampa ngumu isiyobonyea nayo haimaanishi kwamba mshtuko uliishia hapo, kwa kuwa nguvu ambayo haikutumika kukunja bati humfikia aliyekaa ndani. Na kama kichwa kilikuwa kimegeuka wakati wa kugongwa, labda ulikuwa unazungumza na mtu wa kiti cha nyuma, upande mmoja wa shingo huvutika zaidi ya mwingine.

Siku ya ajali sikusikia kitu. Kulipokucha sikuweza kugeuza kichwa. Ni jambo la kawaida?

Ndiyo. Hofu na mshtuko huficha maumivu kwa saa kadhaa, na uvimbe huchukua muda kujengeka. Dalili kuanza baada ya saa 12, 24 au hata siku mbili tatu ni jambo wanalolijua madaktari wote wanaoshughulika na majeruhi wa barabarani. Ndiyo maana si busara kumwambia askari au mtu wa bima pale pale barabarani kwamba "mimi ni mzima kabisa". Sema tu kwamba hujapimwa.

Dalili zipi hazifai kungojewa hata siku moja?

Swali hili ndilo lingestahili kuulizwa kwanza kuliko yote. Nenda hospitali mara moja, saa yoyote, ukiona mojawapo ya haya:

- Ganzi, kuchomachoma au udhaifu wa mikono au miguu, hasa wa pande zote mbili.
- Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, yaani pale panapogusa tandiko ukipanda baiskeli, au mkojo kugoma kutoka, au kujikuta umejisaidia bila kujua. Hizi ni ishara kwamba fungu la neva lililo chini ya mgongo limebanwa. Likibanwa kwa muda mrefu, udhibiti wa haja huenda usirudi tena.
- Miguu kuwa mizito au kukosa uthabiti unapotembea, hata kama hakuna maumivu makali.
- Maumivu ya shingo yanayofuatana na kuona vitu viwili viwili, mdomo kwenda upande, kushindwa kutamka vizuri au kupepesuka. Mara chache mshipa wa damu wa shingoni huchanika kwa ndani katika ajali, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.
- Kichwa kuuma kunakozidi, kutapika au kusinzia kupita kawaida.

Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea, mwenye mifupa iliyopungua uimara na mwenye ugonjwa unaofanya uti wa mgongo ukakamae wapimwe hata kama maumivu ni kidogo, maana pingili zao huvunjika kwa nguvu ndogo. Mjamzito naye apimwe, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto.

Kama bado uko eneo la ajali na kuna shaka kwamba shingo au mgongo wa mtu umeumia, usimvute wala kumkalisha kabla wenye ujuzi hawajafika, isipokuwa gari linawaka moto au kuna hatari nyingine iliyo wazi.

Eksirei imetoka safi. Kwa nini bado naumwa?

Kwa sababu eksirei huonyesha mifupa, na sehemu kubwa ya majeraha haya haipo kwenye mifupa. Hata MRI, kipimo cha picha kwa sumaku kinachoonyesha neva, kano na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) kwa uwazi zaidi, mara nyingi haioni mchaniko mdogo wa kiungo cha nyuma ya pingili. Majeruhi wengi hutoka hospitali wakiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna tatizo lililoonekana, na ndugu zao wanaisoma kana kwamba imeandikwa hakuna tatizo. Kinachosemwa na karatasi hiyo ni kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama. Ni habari njema, lakini haitoi hukumu juu ya maumivu yako.

Ushahidi mmoja unafaa kujulikana. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 24 waliokuwa na maumivu sugu ya shingo tangu ajali ya gari. Kwanza zilitumika sindano za ganzi kubaini ni kiungo kipi cha pingili kinachouma. Kisha nusu yao walichomwa kwa joto vineva vinavyopeleka maumivu kutoka kwenye kiungo hicho, na nusu wakafanyiwa utaratibu ule ule bila joto. Kwa waliochomwa kweli, kwa wastani wa kati, zilipita siku 263 kabla maumivu hayajarudi kufikia nusu ya yalivyokuwa. Kwa wengine zilipita siku 8. Maumivu ambayo picha haikuyaona yalikuwa na makazi, na makazi hayo yalipatikana.

Tiba hiyo ipo hadi leo, ingawa si ya kila mtu. Neva hukua tena, hivyo huenda ikahitaji kurudiwa.

MRI imeonyesha diski imetokeza. Basi ni ajali hii iliyoitokeza?

Huenda ni ajali, huenda ilikuwa hivyo tangu zamani. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya taarifa za picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo ulikuta kwamba diski zilikuwa zimetokeza kwa takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Hao wote walikuwa wanatembea na shughuli zao bila kujua.

Kwa hiyo daktari makini hulinganisha picha na mwili. Je, ganzi ya mguu inafuata njia ya neva ile ile inayoguswa na diski hiyo? Je, ilianza siku za ajali? Vikikubaliana, ajali ina mashtaka ya kujibu. Visipokubaliana, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya picha peke yake ni kamari. Na hata diski iliyopasuka kweli mara nyingi husinyaa yenyewe kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mwili hukimeng'enya kipande kilichotoka. Upasuaji una nafasi yake: pale neva inapopoteza nguvu, au maumivu ya mguu au mkono yanapogoma baada ya wiki nyingi za tiba nyingine.

Nitapona lini?

Mwaka 1995 jopo la wataalamu wa Quebec, Kanada, liligawa majeraha ya shingo ya ajali za gari katika madaraja, na mgawanyo huo bado unatumika. Daraja la 0 ni mtu asiye na malalamiko. La I lina maumivu au kukakamaa tu. La II daktari anakuta shingo haigeuki vizuri au inauma inapobonyezwa. La III kuna dalili za neva, kama udhaifu au ganzi. La IV ni kuvunjika au kuhama kwa pingili. Wengi huangukia la I na la II.

Nafuu kubwa huja katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo mwendo wa kupona hupungua kasi. Takriban nusu ya walioumia shingo kwa namna hii husema bado wanasikia maumivu ya aina fulani mwaka mmoja baadaye, lakini nusu hiyo isikutishe: ndani yake yumo anayekakamaa asubuhi za baridi tu, na yumo aliyelazimika kuacha kazi. Wa kundi la pili ni wachache zaidi.

Tulikuwa gari moja. Mwenzangu kapona, mimi bado. Kwa nini?

Nafasi aliyokaa, alikokuwa anatazama, urefu wake na kiti chake vinachangia. Lakini kinachotabiri zaidi muda mrefu wa maumivu ni ukali wake katika wiki za kwanza. Yanafuata mambo ambayo watu hawapendi kuyasikia: ndoto mbaya na kushtukashtuka kwa sababu ya ajali, kuamini kwamba hutapona, na kuogopa kusogea.

Hii si njia ya kistaarabu ya kusema unajitakia. Neva za maumivu zinapopiga kelele kwa muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo hubadilika namna ya kuzipokea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na neva nazo ndivyo zinavyokuwa: mguso mwepesi, baridi kidogo au kukaa dakika 20 kwenye kiti vinapokelewa kama jeraha jipya. Kiungo chenyewe kinaweza kuwa kimepona huku mfumo wa tahadhari ukiwa bado juu. Maumivu ya hivyo ni ya kweli kabisa, ila dawa yake si kupumzika zaidi.

Wanasema watu huigiza ili walipwe fidia. Ni kweli?

Wapo. Wapo pia wanaosemwa hivyo bila haki, na hao ndio wengi.

Hoja hii ilipata nguvu mwaka huo huo wa 1996, jarida la The Lancet lilipochapisha utafiti kutoka Lithuania, ambako wakati ule ni wachache waliokuwa na bima ya kulipia majeraha kama haya. Watu 202 waliowahi kugongwa kwa nyuma mwaka 1 hadi 3 kabla walilinganishwa na wasiowahi kupata ajali, na maumivu ya shingo yakakutwa karibu sawa pande zote mbili. Wengi wakaharakisha kuhitimisha kwamba bila bima hakuna ugonjwa. Wakosoaji wakajibu kwamba wengi kati ya hao 202 hawakuwa wameumia shingo tangu siku ya ajali, hivyo waliobaki walikuwa wachache mno kutolea hukumu. Kwa maoni yangu wakosoaji wana hoja nzito zaidi. Hata hivyo funzo moja linabaki: kesi ndefu, yenye kumlazimu mtu athibitishe kila mwezi kwamba bado anaumwa, haimsaidii mtu yeyote kupona.

Nivae kola ya shingo? Nilale kitandani?

Kama pingili imevunjika au kuhama, fuata maelekezo ya daktari kwa herufi. Kama haijavunjika, kola laini kwa siku chache inatosha, na wengi hawaihitaji kabisa. Misuli isiyotumika hunyong'onyea haraka. Kulala siku moja au mbili kwa sababu maumivu ni makali si kosa, ila wiki mbili kitandani ni tatizo jipya juu ya la zamani.

Basi nifanye nini?

Sogea, kidogo kidogo, kila siku. Geuza kichwa kushoto na kulia mpaka pale panapoanza kuvuta, rudi, rudia mara kadhaa kwa siku. Tembea. Baada ya siku au wiki chache, mtaalamu wa fiziotherapia akupe mazoezi ya kuimarisha misuli ya ndani ya shingo, ya mabega na ya kiuno. Maumivu yakipanda kidogo baada ya mazoezi na kushuka kabla ya kesho yake, endelea. Yakipanda na kukaa juu siku mbili, punguza, usiache.

Kosa linalorudiwa na wengi ni lile la siku nzuri: mtu anaamka mwepesi, anafanya kazi zote zilizolala kwa wiki, kisha analala siku tatu. Afadhali kiasi kile kile siku nzuri na siku mbaya.

Na dawa?

Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki husaidia kupunguza makali ili uweze kusogea. Hizi mbili za mwisho, zikimezwa kwa wiki nyingi bila usimamizi, huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Dawa kali za jamii ya mofini zina kazi yake siku za mwanzo za jeraha kubwa, lakini kwa maumivu ya miezi na miaka hupoteza nguvu na kuacha uraibu. Kwa maumivu ya neva yanayochoma kama umeme kuna dawa nyingine, baadhi zikiwa za kifafa au za huzuni. Usishangae ukiandikiwa, haina maana daktari kakuona una kichaa.

Kukandwa na kunyooshwa je?

Kukandwa misuli kwa upole, au kuweka kitambaa cha moto, hakuna ubaya na huleta nafuu ya muda. Kuzungushwa shingo kwa nguvu mpaka ilie ni jambo jingine. Usikubali kabla hujapimwa na kuhakikishiwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika, neva iliyobanwa wala mshipa wa damu ulioumia.

Pingili ilivunjika na daktari anasema imeshaunga. Mambo yameisha?

Inategemea ilivyovunjika. Pingili iliyobonyea upande wa mbele inaweza kuunga ikiwa na umbo la kabari, mgongo ukabaki umeinama kidogo na misuli ya nyuma ikachoka mapema kila siku kwa kuuvuta usimame. Iliyopasukia pande zote inaweza kusukuma vipande kuelekea mahali neva zinapopita. Ipo pia aina aliyoieleza daktari G. Q. Chance mwaka 1948, pingili kuchanika kwa mlalo, ambayo baadaye ilikuja kuonekana sana kwa waliofunga mkanda wa kiunoni peke yake. Mwenye alama ya mkanda tumboni na maumivu ya kiuno achunguzwe pingili na utumbo pia, maana huumia pamoja.

Kama uliwekewa vyuma, pingili zilizounganishwa hazipindi tena, hivyo jirani zake juu na chini hubeba zaidi. Miaka ikipita, jirani hao wanaweza kuanza kuuma. Maumivu mapya, au ganzi mpya, yanastahili kipimo kipya.

Ugwe mgongo ukijeruhiwa, maisha yanakuwaje?

Ugwe mgongo ni mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, na kwa mtu mzima huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Ukijeruhiwa shingoni, mikono na miguu huathirika, na pengine kupumua. Ukijeruhiwa chini ya hapo, mikono hubaki salama. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha hili, na ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu zake kuu.

Jambo la kuuliza mapema ni kama jeraha ni kamili au si kamili. Mwenye hisia au nguvu yoyote eneo la njia ya haja kubwa ana jeraha lisilo kamili, na matumaini yake ya kurudisha nguvu ni makubwa zaidi. Uchunguzi huo unafedhehesha, lakini hauna mbadala.

Kutembea ndiko wageni wanakokuuliza. Wenyewe mara nyingi husumbuliwa zaidi na yasiyoonekana. Mkojo unahitaji ratiba na mpira safi wa kuutolea, la sivyo maambukizi hupanda hadi kwenye figo. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mtu kwamba amekalia sehemu moja muda mrefu, na vidonda vya mgandamizo huanza kwa wekundu tu. Misuli hukaza na kurukaruka. Tendo la ndoa na kupata watoto bado vinawezekana kwa wengi, kwa msaada wa kitaalamu, na ni haki ya mgonjwa kuuliza bila kuonewa haya.

Mwenye jeraha kuanzia usawa wa kifua wa kati kwenda juu ajue hatari moja: kibofu kikijaa, au hata nguo ikibana, shinikizo la damu linaweza kupaa ghafla, kichwa kikagonga na jasho likatoka usoni. Aketishwe wima, nguo zilegezwe, mkojo utolewe, na apelekwe hospitali kama haitulii. Na kama miezi au miaka baadaye udhaifu au ganzi inaanza kupanda juu ya ilipokuwa, huenda mfuko wa majimaji umejengeka ndani ya ugwe. MRI huuonyesha.

Kichwa kinauma, nina kizunguzungu, nasahau. Vinatoka shingoni?

Vinaweza. Neva za pingili tatu za juu huungana na zile za kichwa, ndiyo maana maumivu hupanda kutoka kisogoni hadi juu ya jicho. Lakini ubongo nao unaweza kuwa umetikisika bila kichwa kugonga kitu. Usahaulifu na kushindwa kuvumilia mwanga au kelele vitajwe kwa daktari mahsusi, visijumuishwe tu ndani ya "shingo inauma".

Nikipita pale ajali ilipotokea mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Hilo nalo ni la kumwambia daktari?

Ndiyo, tena mapema. Woga huo hukaza misuli, huvuruga usingizi, na usingizi mbovu huongeza maumivu ya kesho. Tiba ya mazungumzo na kurudi garini kwa hatua ndogo ndogo hufanya kazi. Kuhusu kuendesha: subiri hadi uweze kugeuza kichwa vya kutosha kuona nyuma na pembeni, uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita, na usiwe unatumia dawa za kusinzisha.

Mtoto alikuwa kwenye gari na anaonekana mzima. Nimpeleke?

Mpeleke. Shingo ya mtoto mdogo ni laini na kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, hivyo ugwe wake unaweza kuumia bila mfupa wowote kuonekana umevunjika. Asiyejua kusema ataonyesha kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, kukataa kutembea au kutotumia mkono.

Kwa ajili ya bima au mahakama, nitunze nini?

Cheti cha siku ya kwanza ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kipimo cha wiki tatu baadaye huacha nafasi ya kuulizwa ulikuwa wapi. Tunza picha, risiti, barua za mwajiri na daftari fupi la yale usiyoweza kufanya: "nimeshindwa kumbeba mtoto" inaeleza zaidi ya "maumivu makali". Usisaini malipo ya mwisho wakati dalili bado zinabadilika, kwa kuwa ukishasaini mara nyingi huwezi kurudi kudai upasuaji utakaohitajika baadaye. Na usizidishe. Sentensi moja isiyo ya kweli huchafua tisa za kweli.

Kuna cha kufanya ili lisitokee tena?

Mkanda wa pointi tatu, ule uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, uvaliwe ukipita kifuani na juu ya mifupa ya nyonga, usipite tumboni wala chini ya kwapa. Kiegemeo cha kichwa watu hukiona kama mto wa kupumzikia na kukiacha chini kabisa, kilivyotoka kiwandani. Kinyanyue mpaka sehemu yake ya juu ilingane na utosi wako, na kiwe karibu na kisogo kadiri kinavyoruhusu. Kikiwa chini, usawa wa shingo, kichwa hukosa pa kuegemea na hurukia nyuma juu yake. Kiti nacho kisilazwe sana, kwa sababu kadiri unavyolala ndivyo kisogo kinavyokuwa mbali na kiegemeo.